Nyumba ya mwaka mzima Naivasha
Dada yangu, umesema unahamia Naivasha kikazi na kila nyumba unayoonyeshwa inakodishwa kwa usiku. Hizo ni za wageni wa wikendi, na msimu wa Safari Rally, yale mashindano ya magari, bei hupaa. Dai mkataba wa mwaka kabla hujatoa hata shilingi. Kwanza jishikize kwa rafiki wiki mbili, utembee mitaani mwenyewe, uongee na walinzi wa mageti.

Lakini zaidi ya yote, tazama kuta. Mtaa wa Kihoto, Ziwa Naivasha liliingia hadi ndani ya nyumba mwaka 2020, likaingia tena 2025. Nilipotafuta yangu, niliona mstari wa matope kimo cha goti chini ya rangi mbichi. Niliondoka palepale. Uliza pia maji ya kunywa yanatoka wapi. Ya visima huku yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno.