Mwenye nyumba anatapisha choo mtoni, nimwambieje?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimepanga Mabatini, nyumba iko pembeni kabisa ya Mto Mirongo. Mvua kubwa ikianza, baba mwenye nyumba anatoboa choo, kila kitu kinaondoka na maji. Nikisema, ananijibu kuwa mto wenyewe umeshakuwa mtaro, na kama sipendi nihame. Wanangu wawili wanashinda wakicheza hukohuko. Nifanyeje? Na mchicha wa bondeni tuendelee kununua?
Mama wa Wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijastaafu nilikuwa napima maji maabara, na sampuli za Mirongo za asubuhi ya mvua nazijua. Chupa inakuja na rangi ya chai ya maziwa, na ukilegeza kifuniko, pua inakupa majibu kabla ya kipimo.

Baba mwenye nyumba simtetei, ila tumwelewe. Kuchimba choo Mwanza ni kupigana na mwamba. Shimo haliendi chini, linajaa upesi, na gari la majitaka halipiti kwenye vichochoro vyetu. Mvua ikija anaiona kama gari la bure.

Hilo la mtaro ndilo nalikataa. Mirongo unaingia Ziwa Victoria, na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Uchafu unabaki hapahapa, unarutubisha mwani na magugu maji, yale yale yaliyofunga mialo miaka ya 1990 hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Na maji ya bomba ya mji huu yanatoka ziwa hilohilo. Yanatibiwa, ndiyo, lakini kadiri yanavyoingia machafu ndivyo kuyasafisha kunavyokuwa kazi, na gharama.

Kwa wanao, hofu yangu kubwa ni kichocho. Huku kwetu kilichoenea ni kile cha tumbo, na mayai yake hutoka na kinyesi, si mkojo. Yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo, vinakomaa humo, kisha vinatoka kumtafuta mtu. Vinapenya ngozi. Mtoto hahitaji kunywa hata tone, kusimama majini kunatosha. Dawa zinazogawiwa shuleni zinaua minyoo iliyomo mwilini, ila hazimkingi asiambukizwe tena akirudi mtoni. Wakataze, na wapeleke wakapimwe.

Sasa mwenye nyumba. Usimwendee peke yako, maana anayehamishwa ni mmoja, wapangaji wote hawahamishwi. Nendeni kiangazi, kabla ya vuli, na mkiwa na la kumpa: mchango wa gari la majitaka lenye mpira mrefu. Maji ya kuogea yasiingie chooni, maana hayo ndiyo yanayojaza shimo haraka. Nepi, pedi na chupa zisitupwe humo, zinaziba mpira na wenye gari wanaondoka wakinung'unika, hela mmeshalipa. Muulizeni pia kama ameshafika mamlaka ya maji kuuliza kuhusu bomba la majitaka, kwani baadhi ya mitaa ya milimani hapa mjini imeshaunganishwa kwa mabomba madogo yanayopita kati ya nyumba na nyumba.

Akigoma, mwoneni mwenyekiti wa mtaa, halafu bwana afya wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Lakini nikuambie ukweli: huenda nyumba yenyewe imo ndani ya hizo 60, na baba analijua hilo, ndiyo maana anakuwa mkali. Mimi ningeanza na bwana afya. Yeye anakuja kuangalia choo, hapimi kiwanja.

Mchicha: kama unamwagiliwa maji ya Mirongo, mimi sinunui, hata uwe umenawiri vipi. Wewe ukinunua, uoshe kwa maji safi na uupike uive vizuri. Nyanya na pilipili hoho za kachumbari zitafute kwingine.