Wasifu wa mzee aliyekuwa mcheshi: namna ya kuuandika na kuusoma

Pole sana kwa msiba, mkuu. Umesema mzee amefariki akiwa na miaka 87 hivi, alikuwa mtu wa masihara maisha yake yote, na kikao cha familia kimekupa wewe wasifu, dakika saba. Unaogopa mambo mawili: watu kuangua kicheko mbele ya jeneza, na wewe kuangua kilio. Kicheko usikikimbie. Wasifu wa mtu wa aina hiyo ukisomwa kama taarifa ya habari, waombolezaji watajiuliza anazikwa nani.

Anza na hesabu ya muda. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu wa msibani huenda kama maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Toa dakika moja ya vicheko na kumeza mate, unabaki na maneno 540 hadi 600. Chapa kwa maandishi ya saizi 16, upande mmoja wa karatasi, weka namba za kurasa, nakala mbili. Kwenye simu usisome: jua la saa saba linafuta kioo, na siku hiyo simu ya mfiwa haikauki.

Mwaka wa kuzaliwa ndio unaosumbua kwa wazee wa umri huo. Ukiona kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari, mara nyingi hayo ni makadirio ya karani. Kama alibatizwa, omba parokia au usharika uangalie daftari la ubatizo. Kama hakuna, tumia matukio. Aliyekuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, tuseme miaka 7 hadi 10, wakati Waingereza wanalima karanga Kongwa (1947 hadi 1951), alizaliwa kati ya 1937 na 1944. Kisha pima kwa tukio la pili: uhuru wa Desemba 1961 ulimkuta ameoa au bado? Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 aliyasikia akiwa wapi? Majibu yakigongana, andika "mnamo mwaka 1938 hivi", usimwongezee mzee miaka ili aonekane ameishi sana. Wenzake wa jando moja wapo hapo chini ya turubai, watakusahihisha kwa sauti.

Kazi nayo iandikwe sawasawa. Kosa la kila siku ni kuandika "aliajiriwa TRC mwaka 1962". Shirika la Reli Tanzania lilianza 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Kabla ya hapo mwajiri alikuwa reli ya Afrika Mashariki. Taja alichokifanya kwa mikono: alikuwa kwenye gengi, yaani kikosi cha vibarua wa njia ya reli, la kukaza mataruma, au mkata tiketi, au fundi wa breki? Humo ndimo vichekesho vyake vingi vilizaliwa.

Sasa vichekesho vyenyewe. Vitatu vinatosha kwa dakika saba. Sentensi ya "marehemu alikuwa mcheshi sana na mwenye kupenda watu" ifute kabisa, maana kila marehemu husomewa hiyo. Andika tukio: alikuwa wapi, nani alimwambia nini, yeye akajibu nini, kwa maneno yake mwenyewe. Jibu lake liwe mwisho wa sentensi, na baada yake usiongeze ufafanuzi hata neno moja. Kama alilisema kwa kilugha na halichekeshi mpaka litafsiriwe, liache.

Kuchagua kuna ugumu wake. Kichekesho bora ni alichojicheka mwenyewe: upara wake, ubahili wake, woga wake wa sindano. Kinachofuata ni kile wengi wanakijua, kwa kuwa watu wataanza kutabasamu kabla hujafika mwisho. Epuka kinachomgusa mtu aliye hai na hana pa kujibia, hasa mkwe, mke mdogo au jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba. Masihara ya mzee kwa shemeji yake yalivumilika kwa kuwa aliyasema yeye, akicheka naye. Ukiyasoma wewe kwenye maiki yanakuwa tusi.

Waombolezaji hawatacheka mpaka wawaone wafiwa wamecheka. Kwa hiyo msomee mama na baba wadogo usiku wa kuamkia mazishi. Wakikubali, kesho yake wao ndio watakaoanza. Kicheko kikija, nyamaza, kingoje kishuke, kisha endelea kwa sauti ya chini. Kuongea watu wakiwa bado wanacheka kunapoteza sentensi mbili na kukufanya uharakishe. Kichekesho cha mwisho kiwekwe kabla ya sehemu ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni sentensi mbili tu. Orodha ya vipimo haina anayeihitaji.

Kama watani wa ukoo watafika, mfano Wangoni kwa Wahehe au Wanyamwezi kwa Wazaramo, zungumza nao mapema. Mtani anaweza kuvaa koti la marehemu na kumwigiza mwendo, na akimaliza yeye, kichekesho chako kilekile hakina ladha tena. Gawaneni.

Idadi ya watoto na wajukuu ihesabiwe nyumba kwa nyumba, pamoja na waliotangulia mbele za haki. Mtoto wa nje ya ndoa aamuliwe kwenye kikao, siyo kwenye maiki. Muhtasari wa kikao cha ukoo ndio utakaopelekwa mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na tofauti kati yake na wasifu ni kuni za ugomvi.

Kuhusu kulia: mweke mjukuu au mdogo wako pembeni na nakala ya pili, akifuata kwa kidole. Mara nyingi sauti hukatika kwenye majina ya wajukuu au kwenye jina ambalo mzee alikuwa anakuita. Aya hizo mpe yeye tangu mwanzo.

Kama mzee ni Mwislamu, mazishi hayangoji na wasifu mrefu hauna nafasi makaburini. Hapo hutangazwa madeni tu. Maelezo ya maisha yake yasubiri hitima au arobaini, kwa makubaliano na shehe. Kwa Wakristo, vichekesho vilivyobaki viwekwe kumaliza matanga: wakalishe wenzake wa rika, washa kinasa sauti cha simu, na kila mmoja umuulize ilikuwa wapi na mwaka gani.