Kufuga matumbawe Arusha: mambo ya kujua kabla ya kununua samaki wa kwanza

Wageni wanaokuta tangi la matumbawe sebuleni kwangu, hapa Njiro, huuliza kwanza bei ya samaki, kisha huuliza samaki hao wanakula nini. Maswali yote mawili yanaweza kusubiri. Anayefuga samaki wa maji chumvi Tanga akikosea anaweza kubeba madumu yake hadi baharini na kurudi na maji mengine siku hiyohiyo, lakini sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hatuna njia hiyo, na kila kazi ambayo bahari huifanya yenyewe inatubidi tuifanye kwa mikono yetu na kwa umeme.

Basi anza na maji. Maji mengi ya Arusha hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi, na ushahidi wake ni meno ya rangi ya kahawia ya watu wengi waliokulia huku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, navyo visima kadhaa vya upande wetu hupita kiwango hicho kwa mbali. Hata hivyo, kilichonisumbua mimi zaidi ni silika, ambayo nayo hutoka kwenye miamba hiyo na hulisha mwani wa kahawia unaofunika kioo, mchanga na mawe, ukaufuta asubuhi na kuukuta tena jioni. Dawa yake ni mtambo wa RO, unaosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana unaozuia madini, wenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini yaliyosalia, na maji yanayotoka yanapaswa kusoma 0 kwenye kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Mtambo huo hutupa lita kadhaa kwa kila lita moja safi unayoipata. Mimi hukinga maji hayo yanayotupwa kwenye pipa na kuyatumia kuoshea gari na kudekia.

Kwenye yale maji safi ya RO ndipo unapokoroga chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, kwa sababu haina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mifupa yao. Lengo ni gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 hula takriban kilo 7 kwa kuanzia, na ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki utatumia gramu 700 nyingine. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kumwita fundi wa vioo, kwa kuwa wengi wanaoacha shughuli hii huishindwa kwenye chumvi, si kwenye samaki.

Hapa nieleze kosa langu mwenyewe. Tangi langu la kwanza lilikuwa likipungukiwa na lita 2 hivi kila siku, maana hewa ya kwetu wakati wa kiangazi ni kavu, nami kila jioni nilijazia kwa maji ya chumvi niliyokuwa nimeyaweka tayari kwenye ndoo, nikiamini kwamba narudisha kile kilichopotea. Sikufikiri kwamba maji hupaa kama mvuke na kuiacha chumvi yote nyuma. Baada ya wiki mbili konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, matumbawe laini yakajikunja yakawa kama ngumi, na nilipopima uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi nikakuta 1.030 badala ya 1.026. Nilikuwa nimeongeza karibu kilo nzima ya chumvi bila kujua. Maji yanayopungua kwa mvuke hujaziwa kwa maji safi ya RO peke yake, na mstari mdogo wa kalamu ya wino mzito uliochorwa kwenye kioo unatosha kukuonyesha ujaze hadi wapi.

Jambo la pili ambalo vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani havilitaji ni mwinuko. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji nayo hupungua kwa kiasi hichohicho. Moshi, iliyo chini zaidi, ina nafuu kidogo. Pampu zikizunguka vizuri hutaona tofauti yoyote. Tofauti huonekana umeme unapokatika. Usiku mmoja wa Julai niliamka nikakuta samaki wote wamepanda juu wakihema kwa midomo, nikakaa kwenye stuli hadi alfajiri nikichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu ili yavuruge uso wa tangi. Siku iliyofuata nilinunua pampu ya hewa ya betri. Wewe inunue kabla ya hita, kabla ya taa, kabla ya kitu chochote chenye rangi.

Kuhusu hita, nashauri mbili za wati 150 badala ya moja ya wati 300, kwa sababu hita huharibika kwa namna mbili: huzima isiwake tena au huwaka isizime. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, na hita ndogo ikikwama hivyo hupandisha joto polepole kuliko kubwa. Sehemu kubwa ya rangi na chakula cha matumbawe hutokana na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yao, na joto la bahari likizidi kilele chake cha kawaida kwa nyuzi 1 tu na kudumu wiki kadhaa, matumbawe huutoa mwani huo na kubaki meupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 kwenye pwani yetu, Mafia ikiwemo, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, na wenzao walithibitisha kwamba dunia imo katika tukio la nne la namna hiyo. Linaloichukua bahari wiki kadhaa, hita iliyokwama ikiwaka hulifanya tangini kwa usiku mmoja.

Tangi likishajaa, liache liive. Weka mawe makavu, tupia kipande cha kamba mbichi kioze na kutoa amonia, kisha subiri wiki nne hadi sita bakteria waongezeke na kugeuza amonia kuwa naitraiti, halafu naitreti. Amonia na naitraiti zikisoma 0, ingiza konokono wachache, kisha samaki nemo wawili wadogo waliozaliwa matangini. Yule atakayekua na kumtawala mwenzake atakuwa jike. Usijaribu kung'oa matumbawe ufukweni ukiwa likizo: matumbawe mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na huko Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995. Pia vaa glavu unaposhika matumbawe yanayofanana na vifungo vya shati, kwa kuwa baadhi yake yana sumu kali inayoitwa palitoksini, na usichemshe kamwe jiwe lililowahi kuwa nayo, kwa sababu mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Mwisho, nunua daftari la shule. Langu hukaa juu ya kabati la tangi, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi, na ukurasa wa leo unasomeka hivi: joto 25.4, uzito 1.026, alkalini 8.2, nimejazia lita 2 za maji safi, konokono mmoja alipinduka, nimemgeuza.