Umekwama ukurasa wa 180? Usimlipe mhariri kwanza

Waalaykum salaam dada. Nimelisoma swali lako mara mbili. Una kurasa 180 za riwaya, hujaongeza hata mstari tangu Ramadhani, una pesa kidogo umeziweka, na hujui umpe mhariri, uingie kikundi cha waandishi, au umchukue yule bwana anayejiita kocha wa uandishi. Wenzangu waliokujibu kabla yangu karibu wote wamekwambia "tafuta mhariri mzuri". Mie nasema usimtafute sasa. Nilimtafuta mapema, najua kilichonipata.

Mie mwalimu wa skuli, nipo Wete, Pemba. Riwaya yangu inahusu magendo ya karafuu miaka ya sabini, wakati watu wakivusha magunia usiku kwa mashua kwenda upande wa Kenya na wakijua wakikamatwa roho zao zimo hatarini. Nilipofika neno la mwisho la rasimu ya kwanza nikaona kazi imekwisha. Nikampelekea mtu mmoja mjini Unguja anisahihishie lugha, kwa shilingi laki nne. Kazi niliyomtuma aliifanya: vituo vilikaa, ngeli zilinyooka. Lakini ndani ya hadithi kuna bibi wa shamba, Mpemba hasa, anayesema "nguo zakwe" na "chombo chakwe". Zote zikageuzwa "zake" na "chake". Bibi wa watu akawa anaongea kama anasoma taarifa ya habari redioni. Nilikaa siku mbili narudisha w moja moja, na kompyuta nayo inanitilia mstari mwekundu kila nikirudisha.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba baadaye niligundua hadithi yangu haianzi mpaka sura ya sita. Sura tano za mwanzo zilikuwa ukoo tu: nani kamzaa nani, nani kahamia wapi. Nikazifuta. Kurasa sabini na kitu, zimesahihishwa vizuri, zimelipiwa, zimekwenda na maji. Nilipaka chokaa ukuta uliokuwa unasubiri kuvunjwa.

Na aliyenionesha hakuwa mhariri. Kuna mzee jirani yangu, nahodha wa zamani, macho yamekwisha nguvu, hasomi. Nilikuwa na shaka na mambo ya bahari, nikamwomba nimsomee. Tukawa tunakaa barazani kwake baada ya alasiri, sura moja kwa siku. Sura ya kwanza alisikiliza kwa adabu. Ya pili akasinzia. Ya tatu akasinzia mapema zaidi. Nilipofika ya sita, mashua inapakiwa gizani, mzee akainuka akakaa vizuri. Sikuhitaji ripoti ya maandishi.

Kisha akanisimamisha.

"Mwalimu, safari hii mwezi gani?"

"Januari, mzee."

"Na wanakwenda Mombasa?"

"Ndiyo."

"Kwa tanga?"

"Kwa tanga."

"Basi huyo nahodha wako chombo chakwe kinakwenda kinyumenyume."

Ukitazama ramani, Mombasa iko kaskazini moja kwa moja kutoka Wete, na Januari upepo ni wa kaskazi, unakuja usoni. Mashua yangu ilikuwa inafika kabla ya alfajiri kama gari la abiria. Niliipeleka safari Agosti, kusi linasukuma kwa nyuma. Hapo bahari ikachafuka, maana kusi lina mawimbi yake, na mmoja wa wahusika akaanza kutapika na kuomba arudishwe nchi kavu. Ugomvi ule wa majini ndio leo sura bora ya kitabu kizima. Nisingeubuni mwenyewe.

Mkewe naye alikuwa pembeni anachambua karafuu, hajasema neno siku zote hizo. Nilipofika pahala wachumaji wanajaza pakacha kwa maua yaliyochanua, akacheka mpaka akaacha makonyo, vile vikonyo anavyovitenga na karafuu. Karafuu inachumwa ingali changa, haijafunguka. Ikishachanua, mnunuzi haitaki. Mie nimezaliwa Pemba na nilikuwa sijui; nimekulia mjini na vitabu. Hakuna mhariri wa lugha ambaye angeniuliza hilo, kwa sababu sentensi yenyewe haikuwa na kosa hata moja.

Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, jiulize umekwama vipi. Kama hujui nini kitokee baada ya ukurasa wa 180, unahitaji mtu wa kumsimulia hadithi kwa mdomo, akuulize "kisha?" Awe shangazi yako, awe mwenzako wa kazini, ilimradi hajui chochote kuhusu kitabu na haogopi kukuudhi. Pahala utakapoanza kusema "hapo bado sijapaweka sawa" ndipo penye ugonjwa.

Kama unajua kinachofuata ila hukai kuandika, hapo kinachokosekana ni tarehe. Kikundi kinaweza kukupa tarehe, lakini chagua. Mie niliingia kimoja cha WhatsApp, watu wengi, kila sura ninayotuma jibu ni "mashallah, kazi nzuri, endelea". Nikatoka. Sasa tuko watatu tu, tunakutana kila Jumamosi ya pili, na asiyeleta kurasa ananunua urojo. Tuzo pia zinakupa tarehe. Ipo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo inapokea hata miswada isiyochapishwa, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza 2023. Usitegemee tuzo ikurudishie muswada na maelezo ya makosa. Ila ile siku ya mwisho ya kupokea itakuamsha usiku uandike.

Kocha sina ugomvi naye, wapo wanaofaa. Muulize atasoma kurasa ngapi na atakurudishia nini. Akitaka malipo yote kabla hajasoma hata ukurasa mmoja, mwage. Na yule wa "tutakuchapishia kitabu, changia gharama tu" usimtie humu kabisa, huyo anauza uchapaji.

Mhariri zamu yake itafika, na ukifika huko ujue wako wa namna mbalimbali. Mhariri wa maudhui atakwambia sura ya tatu haina kazi, au mume wa mhusika mkuu ametoweka tangu ukurasa wa 60. Mhariri wa lugha anashughulikia sentensi. Msoma prufu anakuja mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa, kuokota makosa ya uchapaji. Ukimpa wa pili kazi ya wa kwanza, yatakupata yaliyonipata. Mwombe akufanyie kurasa kumi za majaribio, hata kwa malipo, uone anagusa nini na anaacha nini. Mie sasa natuma pamoja na orodha ya maneno yasiyoguswa, "zakwe" likiwa la kwanza.

Umeuliza pia kama ukimpa mtu asome atakuibia. Haki ni yako tangu ulipoandika, na hapa Zanzibar ofisi ya hakimiliki ni COSOZA, waulize namna ya kusajili kama moyo hautulii. Lakini kusema kweli, riwaya ya kurasa 180 isiyo na mwisho nani aiibe? Atakwama palepale ulipokwama wewe.

Ukitaka, nitumie kurasa ishirini za mwisho kabla ya pale uliposimama. Sitahariri chochote. Nitatia alama ya penseli pahala nilipoanza kuangalia simu, kisha nikurudishie.