Maswali ya Wasomaji: Shughuli za Chuo na Wanachuo wa Kutwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa michezo na utamaduni katika serikali ya wanachuo ya chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi mkoani Mtwara. Kuanzia Agosti tutakuwa na safari ya maonyesho ya Nane Nane, mdahalo, bonanza la michezo na jioni ya ngoma za asili kabla ya mahafali. Kila mara wanaohudhuria ni wale wale wa bweni. Wa kutwa, hasa kina mama wenye watoto wachanga, hawaonekani. Viongozi wenzangu wanataka tuwatoze faini. Unatushauri nini?

JIBU: Ndugu Katibu, suala la faini liacheni kabisa, kwa sababu mtakuwa mnamwadhibu mtu kwa ratiba ambayo hakushirikishwa kuipanga. Vyuo hivi vilipoanzishwa mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, vilifuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, ambako mijadala, nyimbo na shughuli za pamoja huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Kwa hiyo anayekosa mdahalo na bonanza anapunjwa elimu iliyomleta chuoni, na mama aliyerudi darasani baada ya kukatiza masomo hastahili kupunjwa mara ya pili.

Anzeni na tangazo. Karatasi inayobandikwa ubaoni Ijumaa jioni kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi husomwa na wanaolala chuoni tu, kwani wa kutwa wamekwisha panda bodaboda kurudi vijijini. Ratiba ya muhula mzima ibandikwe wiki ya kwanza, isomwe mstarini, na kila tukio lioneshe saa ya kuanza na, jambo linalosahaulika sana, saa ya kumalizika, maana mwenye mtoto mchanga huamua kuja au kutokuja kwa kuangalia atafika nyumbani saa ngapi.

Kisha itazameni kalenda ya huku kwetu. Mwezi Oktoba korosho zinaanguka, na siku ya Jumamosi kaya nzima iko shambani ikiokota. Mkiliweka bonanza siku hiyo, mtacheza wenyewe kwa wenyewe. Mimi ningelipeleka Jumatano alasiri, baada ya vipindi vya vitendo. Mdahalo unaweza kuwa Ijumaa, mradi usianze kabla ya saa nane na nusu mchana, ili waliokwenda msikitini wauwahi.

Nane Nane ya kanda yetu hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi, na kilele chake ni tarehe 8 Agosti. Pelekeni kazi za mikono yenu, kama sare za shule zilizoshonwa darasani au stuli kutoka karakana ya useremala, na kila kazi isimamiwe na aliyeitengeneza, awe tayari kumweleza mteja gharama ya kitambaa au mbao na siku alizoifanyia kazi. Katika orodha ya wasafiri, nafasi za wa kutwa zitengwe kabla gari halijajaa.

Jioni ya ngoma ndiyo inayonipa matumaini zaidi, kwa kuwa miongoni mwa hao kina mama wamo wanaoijua sindimba kuliko vijana wote wa bweni. Ifanyeni kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, mwombeni mkuu wa chuo aruhusu kituo cha kulelea watoto, kama kipo, kibaki wazi hadi mwisho, na muwaombe kina mama hao wawafundishe wenzao.

SWALI: Binti yangu anajifunza ushonaji chuoni, na sasa ameingia timu ya mpira wa miguu. Je, nimzuie? Mzazi, Lindi.

JIBU: Usimzuie, mzee wangu. Uwanjani atajifunza kufika kwa wakati, kusikilizana na wenzake na kushindwa bila kugombana, mambo ambayo fundi mwenye wateja atayahitaji kila siku. Ulilo na haki ya kulihoji ni usalama wake: nenda chuoni, umuulize mlezi wa timu mazoezi yanaisha saa ngapi, na binti anarudi nyumbani na nani.