Chassériau: Mwanafunzi wa Ingres au Mfuasi wa Delacroix?

SWALI: Mhariri, kitabu kimoja cha historia ya sanaa kinamtaja Mfaransa Théodore Chassériau miongoni mwa wachoraji wa Urasimi Mpya (mtindo ulioiga utulivu wa sanaa ya kale ya Wagiriki na Warumi), na kingine kinamweka katika Ulimbwende (mtindo uliotanguliza hisia na rangi kali). Alikuwa wa upande gani, na alihama lini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, vitabu vyote viwili vina hoja, ila hakuna mwaka tunaoweza kuutaja kuwa ndio aliohama. Chassériau alizaliwa mwaka 1819 huko Samaná, katika kisiwa cha Hispaniola, akakulia Paris, na mwaka 1830, akiwa mtoto bado, akapokewa katika karakana ya Ingres, mchoraji mkuu wa Urasimi Mpya, ambaye kwake mstari safi na tulivu ndio uliokuwa uti wa mgongo wa picha. Walitofautiana walipokutana Roma mwaka 1840, lakini mkono aliofunzwa utotoni haukumtoka.

Itazame picha ya dada zake wawili, ya mwaka 1843, iliyoko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Wamesimama bega kwa bega katika nguo za sare, nyuso zao zimechorwa kwa mistari ambayo Ingres asingeikosoa. Hata hivyo shali zao nyekundu zinawaka kwa namna inayomkumbusha mtazamaji Delacroix, bingwa wa rangi wa Ulimbwende.

Mwaka 1845 alionyesha picha kubwa ya Ali Ben Hamed, mtawala wa Constantine nchini Algeria, akiwa juu ya farasi, naye Baudelaire, mshairi na mhakiki wa sanaa, akamshutumu kwamba anamwibia Delacroix. Kwa maoni yangu shutuma hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu mpanda farasi yule ametulia kama sanamu, ilhali Delacroix angemtia mwendo na vumbi. Mwaka uliofuata Chassériau alikwenda Algeria kwa mwaliko wa mtawala huyo, na rangi zake zikazidi kukolea. Katika “Tepidarium” (yaani chumba cha joto cha bafu la Kirumi) ya mwaka 1853, jengo ni la Kirumi, la Pompeii, lakini wanawake wanaopumzika humo baada ya kuoga wana uzito na ukimya alioujua Algeria.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba alikuwa wa pande zote mbili ulikuwa michoro aliyoitia kwenye kuta za ngazi ya Cour des Comptes, jengo la ukaguzi wa hesabu za serikali jijini Paris, kati ya 1844 na 1848. Chassériau alifariki mwaka 1856 akiwa na miaka 37, na jengo hilo likateketea mwaka 1871, wakati wa Komuni ya Paris, yaani maasi ya wakazi wa jiji hilo dhidi ya serikali. Vipande vilivyookolewa vimo Louvre.