Monita imeganda kwenye 1366 × 768? Anza na Windows + P

Ndugu, usikimbilie kununua waya mpya. Umesema monita ni ya nukta 1920 × 1080 (upana kwa urefu wa picha) na laptopu ni 1366 × 768, na picha kwenye monita inatoka kubwa yenye ukungu. Hapo skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, kwa hiyo kubwa inashushwa hadi kiwango cha ndogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua la tatu kutoka juu (Extend), ili kila skrini ijitegemee. Kisha ingia mipangilio ya skrini, bofya kwanza kiboksi chenye namba 2 (wengi husahau, wanaishia kubadilisha ya laptopu), ndipo uweke 1920 × 1080.

Ikiwa 1920 haimo kabisa kwenye orodha, nashuku huo waya wa VGA (ule wa picha wenye kichwa cha pini nyingi). Kompyuta huiuliza monita uwezo wake kupitia pini ya 12 na ya 15. Zisipogusa, Windows inabaki kukisia, mara nyingi unapewa 1024 × 768. Mimi nilihangaika siku mbili, draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) nimeweka na kutoa mara tatu, kumbe pini moja imelala ndani ya kichwa cha waya. Kichungulie kwenye mwanga. Ya 9 ikikosekana usishtuke, nyaya nyingi hazina hiyo.

Draiva ishuku tu ukiona kadi ya picha imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Na kama monita ina tundu la HDMI, achana na VGA kabisa.